LESENI NI AHADI MBELE YA JIRANI



Leseni ya kuuza vileo ya duka moja katika kituo cha biashara cha eneo letu inafikia mwisho wa mwaka wake, na mwenye duka ameomba aongezewe mwaka mwingine. Kwa kawaida jambo kama hili hupita kimya. Karatasi huingia ofisini, hupigwa muhuri, na majirani hutambua tu kwamba duka limeendelea kufunguliwa. Safari hii imekuwa vingine. Wazazi wa shule ya msingi iliyo ng'ambo ya barabara wameandika barua ya kupinga. Vijana wa bodaboda wametia sahihi barua ya kuunga mkono. Jumuiya ndogo ndogo mbili zimeomba ushauri wa Tume. Naye mwenye duka, ambaye ni jirani na mzazi kama sisi, amelalamika kwamba anahukumiwa kabla ya kusikilizwa.

Tumeona ni wajibu wetu kusema. Hatutalitaja duka wala mwenyewe, kwa sababu shauri lingali mbele ya kamati inayohusika, na kwa sababu tunayoyasema hapa yanayahusu maduka mengi yaliyotapakaa katika vituo vyetu vya biashara.

Malalamiko na majibu yake

Duka hili si pango la wanyang'anyi. Kwa miaka mingi limewauzia watu unga, sukari, chumvi, sabuni, mafuta ya taa na madaftari ya watoto. Limewakopesha wengi pale malipo ya majani chai au ya maziwa yanapochelewa, na kitabu cha madeni kilicho chini ya kaunta yake kina majina ya baadhi ya watu ambao leo wametia sahihi barua ya kupinga. Miaka mitatu iliyopita mwenye duka, mama anayewalea watoto wake peke yake, alipewa leseni ya kuuza vileo vya chupa zilizofungwa, mnunuzi achukue chupa yake na kwenda zake. Asema wazi kwamba faida ya unga na sukari haimtoshi kulipa karo.

Malalamiko ni haya. Chupa hazitoki tena zikiwa zimefungwa. Hufunguliwa pale pale kaunta, na kinywaji hupimwa kwa kikombe kidogo kwa bei ya mtu asiyeweza kununua chupa nzima. Nyuma ya duka pamewekwa mabenchi na pazia, na wanywaji huwapo tangu asubuhi. Mtoto aliyetumwa sabuni hupita katikati ya watu waliolewa, na dirisha lile linalomuuzia peremende ndilo linalomuuzia baba yake kileo. Wapo wanaosema kwamba wanafunzi wa madarasa ya juu wamewahi kuuziwa. Akina mama wa jirani nao wasema kwamba siku ya malipo waume zao hawafiki nyumbani na fedha, na kwamba usiku huo watoto hulala kwa hofu.

Mwenye duka naye ana majibu yake. Mabenchi, asema, aliyaweka kwa ajili ya wanaosubiri matatu. Kuwauzia watoto anakana kabisa. Aongeza kwamba miongoni mwa waliotia sahihi dhidi yake wamo watu wawili wanaouza pombe upande wa pili wa kituo, ambao wangefurahi sana duka lake likinyang'anywa leseni. Kisha auliza swali zito: ikiwa duka lake liko karibu mno na shule, je, wale waliompa leseni mara tatu mfululizo hawakuiona shule?

Twaomba swali hilo lisisahaulike. Tutalirudia.

Kinywaji si dhambi, lakini kina masharti

Hatuandiki kwa kuchukia kinywaji. Bwana wetu hakuona haya kuwaongezea divai maarusi wa Kana. Yoshua bin Sira alifundisha kwamba divai humfurahisha mtu anayeinywa kwa kiasi, na humwangamiza asiyejua kipimo. Lakini nabii Habakuki alimkemea vikali yule anayemlewesha jirani yake kwa makusudi. Basi Maandiko hayamtazami mnywaji tu. Yanamtazama pia anayemimina, na yanamdai hesabu.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Muratina, busaa na mnazi vilikuwa na mahali pake katika posa, katika mavuno na katika kupatanisha waliogombana. Katika jamii zetu nyingi kijana hakukaa kwenye kibuyu pamoja na wazee, na hapakuwa na mtu aliyekunywa tangu asubuhi huku shamba likimngoja. Aliyepika alimjua anayekunywa, na anayekunywa alijulikana na wote waliomzunguka. Macho ya jamaa yalikuwa ndiyo ulinzi.

Siku hizi kileo hutoka kiwandani kikiwa katika chupa. Muuzaji huenda hamjui mnunuzi, wala hajui nyumba anayorudi usiku. Macho ya wazee hayapo tena kaunta. Ndipo sheria ikaweka mahali pake kitu kinachoitwa leseni.

Leseni ni nini?

Wengi huiona leseni kuwa stakabadhi tu: mtu amelipa ada, basi amekwisha kununua haki yake. Huo ni mtazamo wenye kasoro. Kuuza sukari kila mtu aweza kuanza kwa urahisi. Kuuza vileo sheria inakukataza kwanza, kisha inamfungulia mlango mtu mmoja, mahali pamoja, kwa namna moja ya kuuza, kwa saa zilizotajwa, kwa muda wa mwaka mmoja tu. Mlango huo haufunguliwi kwa ajili ya ada. Unafunguliwa kwa sababu mwombaji ameahidi, mbele ya majirani wake, kwamba ataiendesha biashara hii bila kuwadhuru.

Kwa hiyo leseni ya vileo si shamba lenye hatimiliki. Ni ahadi yenye tarehe ya mwisho. Kuipitia upya si uonevu wala wivu, na hakuna muuzaji mwaminifu anayepaswa kuogopa. Ni kuuliza, mwaka ukiisha, kama yaliyoahidiwa yametendeka. Aliyeahidi kuuza chupa zilizofungwa, akafungua baa nyuma ya pazia, ameivunja ahadi hiyo hata kama ada ameilipa hadi shilingi ya mwisho.

Sheria yasemaje?

Waamini wengi hudhani kwamba mambo haya ni ya wakubwa. Sivyo. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo wananchi waliizoea kwa jina la Sheria ya Mututho kutokana na mbunge wa Naivasha wa wakati huo aliyeipeleka Bungeni, iliweka mambo ambayo kila mzazi angepaswa kuyajua. Inakataza kumuuzia kileo mtu yeyote aliye chini ya umri wa miaka 18. Inataka mahali pa kuuzia vileo pawe umbali wa mita 300 au zaidi kutoka shule ya chekechea, ya msingi, ya sekondari au mahali pengine pa kuwafunzia watoto. Ilipiga marufuku vileo vya mifukoni, vile vilivyouzwa kwa bei ya peremende. Iliwawekea wenye baa saa za kuuza, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi. Tena ilitaka majina ya waombaji wa leseni yatangazwe mapema, ili mwananchi mwenye pingamizi apate nafasi ya kulitoa.

Mwaka huo huo wa 2010 tulijipatia Katiba mpya, na Jedwali lake la Nne likaziachia kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo. Baada ya serikali za kaunti kuanza mwaka 2013, kaunti zilianza kutunga sheria zao wenyewe, na kwa hiyo namna ya kuwasilisha pingamizi yaweza kutofautiana kati ya kaunti na kaunti. Mtu asikubali kuambiwa tu kwamba ndivyo ilivyo. Aende ofisi ya kaunti ndogo, aombe kuonyeshwa sheria ya kaunti yake. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Kifungu cha 37 kinampa haki ya kupeleka maombi yake kwa viongozi.

Katiba hiyo hiyo inamlinda mwenye duka. Kifungu cha 47 kinasema kwamba kila mtu ana haki ya kutendewa kwa uadilifu na ofisi ya serikali, na kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoguswa. Kwa upande wa watoto, Kifungu cha 53 kinaagiza kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi yake ndiyo yatangulie. Vifungu hivi viwili havipigani. Kamati yenye hekima huvisoma pamoja.

Vishawishi viwili

Katika nchi yetu tumeshindwa na jambo hili kwa njia mbili, na kila moja imegharimu maisha ya watu au mali yao.

Njia ya kwanza ni ukimya. Mnamo Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa katika vitongoji vya Nairobi baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Mei 2014 kifo kilizipitia kaunti kadhaa, zikiwamo Embu, Kiambu na Kitui, na watu zaidi ya 60 wakazikwa. Februari 2024 vilio vilisikika Kirinyaga, katika kijiji cha Kangai, ambako watu zaidi ya kumi walikufa. Hatusemi kwamba duka tunalolizungumzia linauza sumu. Hakuna aliyetuletea ushahidi wa namna hiyo, na kumsingizia mtu ni dhambi. Twasema kwamba sumu hupata nafasi pale majirani walipozoea kutouliza chupa imetoka wapi, nani ameifungua, na kwa nini kinapimwa kwa kikombe. Chupa iliyokwisha kufunguliwa haina shahidi wa kilichomo ndani yake.

Njia ya pili ni fujo inayovaa vazi la haki. Julai 2015, Rais Uhuru Kenyatta alipoamuru kwamba pombe hatari iondolewe katika eneo la kati, wabunge na makundi ya wananchi waliingia katika maduka na maghala. Mitungi ilipasuliwa, vileo vikamwagwa barabarani, na mali nyingine ikaporwa. Wenye makosa na wasio na makosa walipigwa kwa fimbo moja. Muda si muda pombe ilirudi, mara nyingi katika vichochoro ambako hakuna leseni ya kuuliza. Machi 2024, baada ya msiba wa Kirinyaga, serikali kuu iliagiza baa zilizo karibu na shule na ndani ya makazi ya watu zifungwe na leseni zake zifutwe. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo yafaa tujiulize: leseni hizo zilizopaswa kufutwa zilitolewa na nani, na jirani alikuwa wapi siku zilipotolewa? Amri ya ghafla kutoka juu ni dalili kwamba kazi ya kila mwaka ya hapa chini haikufanyika.

Mafundisho ya Kanisa juu ya jamii yanatuambia kwamba jambo linaloweza kutatuliwa na walio karibu nalo lisinyakuliwe na walio mbali. Papa Pius wa Kumi na Moja alilieleza hilo mwaka 1931 katika waraka wake Quadragesimo Anno. Kuipitia leseni ya duka moja ni mfano mdogo wa mafundisho hayo. Waziri aliye Nairobi hawezi kujua kama benchi ni la abiria au la walevi. Mama anayekaa ng'ambo ya barabara anajua.

Fedha na macho ya anayepima

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi kwa sauti. Ofisi inayopima kama mtu anafaa kupewa leseni ndiyo inayopokea ada ya leseni hiyo. Tatizo hili ni la zamani. Wakati wa ukoloni, baraza la mji wa Nairobi lilipika pombe yake na kuwauzia Waafrika katika vilabu vyake, na faida ikatumika kugharimia huduma za makazi ya Waafrika hao hao. Hivyo aliyepaswa kuzuia ulevi ndiye aliyenufaika nao.

Hatumshutumu mtu yeyote katika kaunti yetu. Twasema tu kwamba pale hazina inapongojea ada, macho huwa mazito. Dawa yake si maneno makali. Dawa ni uwazi: orodha ya waombaji ibandikwe mahali watu wanaposoma, kikao kifanyike mchana na milango wazi, na uamuzi uandikwe pamoja na sababu zake.

Hapa ndipo tunapolirudia swali la yule mama. Kama umbali kati ya duka lake na shule hautoshi leo, haukutosha mwaka jana wala mwaka juzi. Ikiwa ni hivyo, basi hakuvunja sheria peke yake. Wapo waliotia sahihi na muhuri bila kufika mahali penyewe. Haitakuwa haki aliye dhaifu abebe mzigo wote, na wale walioupuuza wajibu wao waketi kwenye viti vya kumhukumu bila kuulizwa neno.

Tunaomba nini?

Kwanza, tunaiomba kamati ipime umbali hadharani. Uletwe utepe wa kupimia, wawepo wajumbe wa wazazi na mwenye duka mwenyewe, na hesabu isomwe mbele ya wote. Ikiwa umbali haufiki mita 300, leseni ya vileo isitolewe mahali pale, hata kama barua za kuunga mkono ni mia. Duka lenyewe lisifungwe. Unga, sukari na sabuni viendelee kuuzwa, na mama apewe muda wa haki wa kuondoa shehena aliyoinunua akiwa na leseni halali. Kamati nayo ieleze kwa maandishi jinsi leseni za miaka iliyopita zilivyotolewa.

Pili, ikiwa umbali unatosha, leseni isiongezwe kama ilivyokuwa. Iongezwe kwa masharti yanayoeleweka na mtu wa kawaida: chupa zitoke zikiwa zimefungwa, vikombe vya kupimia viondolewe, mabenchi na pazia vitolewe, vileo viuzwe kwenye dirisha la pekee, mbali na lile linalowahudumia watoto, na saa zilizoandikwa zibandikwe mlangoni ambapo kila mtu ataziona. Afisa wa afya ya umma afike bila kutoa taarifa. Masharti yakivunjwa, kila mtu atajua nini kimevunjwa, na hapatakuwa na haja ya ugomvi.

Tatu, tunawaomba wazazi walete ushahidi, si uvumi. Torati ilitaka mashahidi wawili au watatu kabla ya neno kuthibitishwa. Anayedai kwamba mtoto ameuziwa kileo aeleze siku, saa na alichokiona kwa macho yake, na jina la mtoto lihifadhiwe. Barua zisizo na sahihi tunazisoma kwa huzuni, lakini hatuwezi kumshtaki mtu kwa barua ya mwandishi asiyejulikana. Na wale wawili wanaouza pombe upande wa pili wa kituo wajiandae, kwa maana kipimo hicho hicho kitawafikia wao pia.

Nne, tunamwomba mwenye duka aje kikaoni bila hofu na bila hasira. Nikodemo aliwauliza wakuu wa watu wake kama torati inamhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Nasi twasimama na swali hilo kwa ajili yake. Lakini kusikilizwa kuna upande wa pili: naye awasikilize wale wanawake. Karo ya watoto wake ni jambo takatifu. Fedha zinazoachwa kaunta siku ya malipo nazo zilikuwa karo ya watoto wa mtu mwingine. Tunazisihi jumuiya zetu, vikundi vya akina mama na ushirika wa akiba na mikopo wa parokia wakae naye ili kutafuta bidhaa nyingine zitakazompa faida. Tusimwambie mtu aache mkate mmoja bila kumwonyesha mwingine.

Tano, tunawakumbusha wanywaji kwamba hakuna leseni inayoweza kufanya kazi ya dhamiri. Kufunga dirisha moja hakumtibu mtu aliyekwisha kutekwa na kileo. Atatembea hadi dirisha la pili. Ndugu wa namna hii wanahitaji mtu wa kuwashika mkono, na parokia zetu zina watu walioacha, wanaoweza kuwasindikiza. Wasione haya kuwatafuta, nasi tusione haya kukaa nao benchi moja kanisani.

Kwa jumuiya ndogo ndogo

Kabla ya siku ya kikao, tunaomba kila jumuiya itenge jioni moja na kuyajadili maswali haya. Je, katika eneo letu kuna maduka mangapi yenye leseni ya vileo, na ni nani kati yetu amewahi kuisoma hata moja? Je, tangazo la waombaji hubandikwa wapi? Je, tunamwendea jirani anayetukera na kusema naye uso kwa uso kabla ya kumpeleka mbele ya kamati? Na sisi tunaonunua pale, tumechangia nini katika hali tunayoilalamikia?

Wajumbe wa Tume watakuwapo siku hiyo, na watakaa nyuma. Viti vya mbele ni vya wazazi, vya mwenye duka na vya majirani wa pande zote mbili za barabara, kwa kuwa ndio watakaoendelea kuishi pamoja kamati ikishaondoka. Tunamwomba Mungu awajalie wote ukweli usio na chuki na huruma isiyofumba macho.